HAKI YA NJIA NA KIBAO CHA MFANYABIASHARA
Kutoka hisba ya kale hadi barabara ya Karatu

  

Ndugu msomaji, katika wilaya ya Karatu, mjini na katika kata zake za vijijini kama Buger, kuna swali ambalo wenye maduka, hoteli ndogo, bucha na gereji huliuliza kila inapokuja zamu ya kulipia vibali. Mtu husema: duka ni langu, ubao nimeununua kwa pesa yangu, rangi nimepaka mwenyewe, iweje niombe ruhusa na nitoe ada ili niutundike? Swali hili huishia kwa imamu. Muumini anataka kujua mbele ya Mola wake: akiweka bango bila kibali ana dhambi? Ada anayotozwa ni haki au ni dhulma? Na mgambo akiling'oa bango lake, amemtendea uadui au ametekeleza wajibu?

Wako wanaodhani haya ni mambo ya serikali za leo tu, na kwamba fiqhi haina la kusema. Sivyo. Wanavyuoni wetu wameyazungumza kwa zaidi ya miaka 1,000, ingawa hawakuyaita mabango. Waliyaita roshani, vibaraza, mifereji na vyote vinavyochomoza kutoka katika milki ya mtu kuingia katika njia ya watu. Katika makala hii tutafuata historia ya mas'ala haya, kisha tutaona yanatufikisha wapi.

NJIA NI YA NANI?

Msingi wa kwanza ni kwamba njia inayopitwa na watu wote haina mmiliki mmoja. Ni haki ya Waislamu wote, na wasiokuwa Waislamu wanaoishi nao, na msafiri asiyejulikana jina. Mtume (S.A.W.) alipowakataza Swahaba kukaa njiani nao wakasema hawana budi kukaa kwa mazungumzo yao, aliwaamuru waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, alitaja kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (R.A.). Katika hadithi nyingine mashuhuri, kuondoa chenye kuudhi njiani kumehesabiwa kuwa ni tawi katika matawi ya imani.

Bali Sunna imefika hadi kwenye vipimo. Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, ifanywe dhiraa saba. Hizo ni takriban mita 3 na nusu kwa vipimo vyetu. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio ni upana wa kutosha kupita watu na mizigo yao bila kudhuriana, na kwamba pale ambapo haja ni kubwa zaidi, njia huwa pana zaidi. Kwa hiyo anayesema kwamba kuipimia njia mita zake ni bidaa ya wakoloni, hajaisoma Sunna vizuri.

MFEREJI WA AL-ABBAS (R.A.)

Katika Musnad ya Imam Ahmad kuna kisa ambacho mafaqihi wamekitumia sana katika mlango huu. Nyumba ya Al-Abbas bin Abdul-Muttalib (R.A.), ami yake Mtume (S.A.W.), ilikuwa na mfereji wa paa uliochomoza juu ya njia aliyokuwa akipita Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwenda msikitini. Siku moja ya Ijumaa Khalifa Umar alikuwa amevaa nguo zake za swala. Nyumbani kwa Al-Abbas walikuwa wamechinja makinda mawili, na maji yaliyochanganyika na damu yakateremka kwenye mfereji yakamwangukia. Umar akaamuru mfereji ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo, kisha akaja kuswalisha.

Al-Abbas akamwendea akamwambia kwamba Wallahi pale ndipo Mtume (S.A.W.) alipouweka. Umar hakubishana wala hakujificha nyuma ya cheo. Alimwapia Al-Abbas kwamba hapana budi apande juu ya mgongo wake yeye Umar, aurudishe pale pale alipouweka Mtume. Na Al-Abbas akafanya hivyo.

Wataalamu wa hadithi wameizungumza isnadi ya kisa hiki kwamba ina ukatikaji, lakini mafaqihi wamekitaja katika vitabu vyao na maana yake inaafikiana na misingi mingine. Ndani yake mna mambo manne. La kwanza, kiongozi ana mamlaka ya kuondoa kinachowaudhi wapitao njiani, hata kama ni mali ya mtu mtukufu. La pili, mwenye mali ana haki ya kusikilizwa. La tatu, ruhusa iliyotolewa na mwenye mamlaka haivunjwi hivi hivi. La nne, kiongozi akikosea katika kubomoa, anarudisha yeye, na kwa gharama yake. Kila tunapoizungumza kazi ya halmashauri na mgambo wake, na tuyakumbuke yote manne. Wengi wa viongozi hupenda la kwanza tu, na wengi wa wafanyabiashara hupenda la pili na la tatu tu.

WALIYOYAANDIKA WANAVYUONI

Sisi watu wa Afrika Mashariki wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na kitabu cha Minhaj cha Imam An-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) kimesomeshwa katika darsa za Lamu, Mombasa na Unguja kwa vizazi vingi. Katika mlango wa suluhu, An-Nawawi anaeleza kwamba njia yenye kupenya, yaani ya watu wote, haifai kutumiwa kwa namna inayowadhuru wapitao. Roshani au sakafu inayochomoza juu yake haifai ikiwa inadhuru. Inatakiwa iwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya wapandao na misafara, basi iwe juu kiasi cha kupita ngamia aliyebeba mahmili na miti yake ya kivuli.

Tuzingatie namna alivyopima. Hakuweka dhiraa maalumu. Alipima kwa kile kinachopita katika njia ile. Neno letu la Kiswahili roshani ndilo lile lile rawshan la vitabu vya fiqhi, na hukumu yake haikufa pamoja na ngamia. Katika njia ya waenda kwa miguu katika kijiji cha Buger kipimo ni kichwa cha mtu na mzigo alioutwika. Katika barabara ya Karatu kipimo ni lori la vitunguu kutoka Mang'ola lililojazwa hadi juu, na magari ya watalii yaendayo Ngorongoro. Ubao usiodhuru kichochoroni unaweza kudhuru barabarani, na hukumu hubadilika kwa kubadilika illa yake.

Madhehebu nyingine zimekuwa kali zaidi. Kwa Imam Abu Hanifa, mtu anaweza kuchomoza kisichodhuru, lakini yeyote katika watu wa njia ana haki ya kupinga na kutaka kiondolewe. Na katika Al-Mughni cha Ibn Qudama Al-Hanbali (aliyefariki 620 Hijria, sawa na 1223), asili ni kutofaa kuchomoza katika njia ya watu wote, kinadhuru au hakidhuru. Humo imetajwa kauli ya Ibn Aqil kwamba kisichokuwa na dhara kinafaa kwa idhini ya Imamu, kwa sababu Imamu ni naibu wa watu wote. Basi msomaji aone: idhini ya mwenye mamlaka kabla ya kuchomoza kitu njiani imezungumzwa na mafaqihi zaidi ya miaka 800 iliyopita. Kibali hakikuzaliwa katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Mantiki yake iko wazi: mwenye haki ni umma, umma hauwezi kukusanyika wote kumjibu mwenye duka, hivyo anajibu anayeuwakilisha.

Kuna jambo jingine ambalo wenye mabango hulisahau. An-Nawawi ameruhusu kuchomoza mifereji ya paa kuelekea njiani kwa sababu ya haja, lakini akasema kwamba kwa kauli mpya ya Imam Shafi, kinachoharibika kwa sababu yake kina dhamana. Yaani ruhusa ya kuweka haiondoi jukumu la kulipa kikianguka. Mtu anayetundika bati zito juu ya mlango wake kwa misumari miwili, kisha upepo wa Karatu ukaliangusha juu ya mwanafunzi apitaye, asije kwa imamu akasema ni kadari ya Allah na kibali anacho. Kadari haikatai dhamana.

MUHTASIB NA MSTARI WA NGUZO

Aliyesimamia haya katika miji ya Waislamu aliitwa muhtasib. Imam Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, sawa na 1058) aliweka mlango kamili wa hisba katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya. Imam Al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, sawa na 1111) katika Ihya Ulum Ad-Din alihesabu miongoni mwa maovu ya barabarani kusimamisha nguzo, kujenga vibaraza vilivyoshikana na majumba, kuchomoza roshani na kuweka mbao na mizigo njiani, ikiwa hayo yanaibana njia na kuwadhuru wapitao. Alikataza pia mchinjaji kuchinja mbele ya mlango wa duka lake akaichafua njia kwa damu.

Lakini aliyeikaribia zaidi mas'ala yetu ni Ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham katika karne ya 6 Hijria, zama za Sultani Salahuddin. Katika kitabu chake cha kuwaelekeza mamuhtasib anaeleza kwamba masoko yawe na kimo na upana, na kwamba haijuzu kwa yeyote katika watu wa sokoni kulitoa baraza la duka lake likavuka mstari wa nguzo za paa kuingia katika mapito ya watu. Kufanya hivyo ni uadui juu ya wapitao, na ni wajibu wa muhtasib kuliondoa. Huo mstari wa nguzo ndio tunaouita leo mpaka wa hifadhi ya barabara.

Maduka ya zama zile hayakuwa na mabango kama yetu. Kila kazi ilikuwa na safu yake sokoni, na mtu alijua aliko mhunzi na aliko muuza vitambaa bila kusoma ubao. Ila tabia ya mwanadamu haikuwa tofauti. Kila mmoja alitaka duka lake lionekane kabla ya la jirani, akasogeza hatua moja mbele. Jirani naye akasogeza mbili. Mwisho njia ikawa uchochoro, na aliyeumia ni mpita njia ambaye hakuuza wala hakununua.

Tusiifanye historia kuwa ya malaika. Cheo cha muhtasib kiliharibika pale kilipoanza kupatikana kwa fedha. Mwanahistoria Al-Maqrizi (aliyefariki 845 Hijria, sawa na 1442), ambaye mwenyewe aliwahi kuwa muhtasib wa Cairo, aliandika kwa uchungu kwamba vyeo vya dola ya Mamluki vilipatikana kwa rushwa, na kwamba hilo lilikuwa katika sababu kubwa za mateso ya watu. Anayenunua cheo hana budi kuirudisha pesa yake, na hairudishi ila kwa kuwakamua watu wa sokoni. Somo hili tutalihitaji mbele.

KUTOKA BOMA HADI HALMASHAURI

Katika nchi yetu sheria za miji zimepita mikono mingi. Chini ya Waingereza, Tanganyika ilipata sheria ya miji midogo ya mwaka 1920 na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1932. Sheria hizo hazikutungwa kwa shura ya wenyeji, na ndiyo maana hadi leo neno kibali lina harufu ya amri masikioni mwa wazee wengi. Baada ya uhuru, serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, kisha zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi upya mwaka 1984. Ndizo zilizozipa halmashauri za wilaya na za miji mamlaka ya kutunga sheria ndogo na kutoza ada, ikiwemo ya mabango ya biashara. Karatu, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, ilipata wilaya na halmashauri yake katika miaka ya 1990.

Barabara ya kutoka Makuyuni kupita Karatu hadi lango la Ngorongoro ilitiwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lami ilileta magari, magari yakaleta wageni, na wageni wakaleta mabango. Mji uliokuwa wa mazao ukawa pia mji wa nyumba za wageni, na kila mwenye kitanda cha kupangisha alitaka msafiri auone ubao wake kabla hajafika kwa mwenzake. Juu ya mji huo kuna eneo la Ngorongoro, lililowekwa chini ya sheria yake ya hifadhi tangu mwaka 1959 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1979. Upande mmoja wa lango mtu anakuta utitiri wa mbao, na upande wa pili msitu wa Mwenyezi Mungu. Hapo hata mtoto anaelewa kwamba kuna mahali ambapo kuonekana kwa biashara si haki inayotangulia kila haki.

Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2009, ambazo ziliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Majengo mengi nchini yakapigwa alama ya X. Nyekundu ilikuwa ya aliyeifuata barabara, asiyestahiki fidia. Ya kijani ilikuwa ya aliyefuatwa na barabara, ambaye anastahiki fidia kabla ya kuondolewa. Mwenye kuzijua kaida za fiqhi ataona hapa jambo analolijua. Katika Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotungwa kati ya miaka ya 1869 na 1876, kaida ya sita inasema kwa maana yake kwamba kilichokuwapo zamani kinaachwa kama kilivyokuwa, na kaida ya saba ikafuatia papo hapo kuiwekea mpaka: dhara haipati haki kwa sababu ya ukongwe wake. Aliyekuwapo kwanza ana haki ya kuheshimiwa na kufidiwa, lakini hana haki ya kudhuru milele. Ni mfereji wa Al-Abbas kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo mwenye ubao katika barabara kuu ana milango miwili ya kubisha. Eneo la hifadhi ya barabara kuu liko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za vijijini na za mitaa, kama zile za ndani ya kata ya Buger, tangu mwaka 2017 zimekuwa chini ya TARURA. Na ada ya bango ni jambo jingine tena, kwani Sheria ya Fedha ya mwaka 2017 iliwahi kuikabidhi Mamlaka ya Mapato kazi ya kuikusanya. Mwenye duka asiyejua mlango upi ni wa kibali na upi ni wa ada si lazima awe mkaidi. Mara nyingi ni mtu aliyechoka kuelekezwa. Kuwafafanulia watu ni wajibu wa wenye mamlaka, na kumwadhibu mtu kwa asilobainishiwa si katika uadilifu.

JE, ADA YA BANGO NI MAKS?

Hapa ndipo penye uzito. Imepokewa kemeo kali juu ya mtoza maks, yaani anayechukua mali za watu sokoni bila haki. Baadhi ya ndugu zetu wameifanya kila ada ya serikali kuwa maks, wakajihalalishia kukwepa, kudanganya na kuandika ubao usiku. Upande wa pili wako waliofanya kila kinachotozwa kuwa halali kwa sababu tu kina stakabadhi. Pande zote mbili zimekwenda mbio.

Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliweka ushuru kwa wafanyabiashara waliopitisha bidhaa mipakani, na neno letu ushuru linatokana na hiyo ushr, sehemu ya kumi. Baadaye wanavyuoni kama Al-Ghazali na Ash-Shatibi (aliyefariki 790 Hijria, sawa na 1388) waliruhusu kiongozi mwadilifu kuwatoza wenye uwezo zaidi ya zaka pale ambapo hazina ni tupu na haja ya umma ni ya kweli. Na waliyawekea maneno hayo mipaka kwa vitendo. Mwaka 657 Hijria, Watatari walipokuwa wanaikaribia Misri, ilitakiwa fatwa ya kuwatoza watu mali kwa ajili ya vita. Al-Izz bin Abdis-Salam (Rahimahullah) alikubali kwa sharti kwamba hazina iwe haina kitu, na kwamba viongozi wauze kwanza mapambo yao ya dhahabu, wabaki na farasi na silaha kama raia wa kawaida. Hakuikataa kodi. Alikataa kwamba maskini atangulie kutoa na mkubwa abaki na mkanda wa dhahabu.

Tukiipima ada ya bango kwa mizani hiyo, tunaona sehemu mbili. Ikiwa bango limesimama katika ardhi ya umma, ada ni mfano wa kodi ya pango: mtu anatumia kilicho cha wote kwa faida yake, na haki ni awalipe wote. Hili halina ugumu. Ikiwa ubao uko ukutani kwa mtu mwenyewe na haukuchomoza, hoja ya pango haipo, na ada inabaki kusimama juu ya maslahi ya umma tu: taa za barabarani, usafi, mifereji. Hapo ada iwe nyepesi, iwe sawa kwa wote na ionekane ilikokwenda. Kibao cha futi mbili cha fundi cherehani wa kijijini na bango kubwa la kampuni ya simu havipaswi kuhesabiwa kwa jicho moja. Halmashauri inayomkimbiza fundi cherehani na kumwacha mkubwa imelirudisha tatizo la Al-Maqrizi.

Ama utii wenyewe, wanavyuoni wa baadaye wa madhehebu yetu, akiwemo Ibn Hajar Al-Haytami, wamefafanua kwamba amri ya kiongozi katika jambo la mubaha lenye maslahi ya watu wote hutiiwa kwa dhahiri na kwa siri. Isiyokuwa na maslahi hayo hutiiwa kwa dhahiri ili kuepusha fitna. Na yeyote atakayesema kwamba maneno hayo ni ya dola ya Kiislamu tu, tutamjibu kwamba usalama wa njia ni haki ya wapitao kabla ya kuwa haki ya dola, na kwamba aliyechukua leseni ameweka ahadi, na Muislamu hufungwa na masharti aliyoyakubali. Tunaona, Wallahu A'alam, kwamba kuweka bango mahali linapodhuru ni haramu hata kama kibali kipo. Kuliweka katika njia ya umma bila kibali ni kujichukulia kisicho chako. Na anayedhulumiwa katika ada ana njia ya kulalamika kwa diwani, kwa baraza la kata na mahakamani, si njia ya udanganyifu.

Wala si njia ya rushwa. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wake. Na alipomtuma Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka akarudi akigawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa, alipanda mimbari akahoji kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi. Afisa anayepewa chai ili asiupime ubao na ajiulize swali hilo. Wanavyuoni wengi wamemfanyia wepesi aliyelazimika kutoa ili kuinusuru haki yake iliyo wazi, na dhambi wakaiweka kwa mpokeaji. Anayetoa ili aachiwe kuiziba njia ya watu hana wepesi wowote.

KILICHOANDIKWA JUU YA UBAO

Kabla hatujafunga, tukumbushe kwamba hisba haikuishia kwenye vipimo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta umajimaji. Mwenyewe alipojibu kwamba ilinyeshewa na mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Ubao wa duka ni juu ya lile rundo. Ukisema kisichokuwamo ndani, ni ghushi iliyopakwa rangi.

Zito zaidi ni neno Halali. Katika wilaya ambayo Waislamu si wengi, msafiri anayesoma neno hilo kwenye bucha au hoteli anakula kwa kuutegemea ubao. Kwa hiyo neno hilo ni shahada, na mwenye kuliandika amejisimamisha kuwa shahidi kwa kila kinachoingia jikoni mwake. Halmashauri huupima ubao kwa futi, lakini neno hilo litapimwa kwingine. Vile vile majina ya Allah na aya za Qur'ani zisiandikwe mahali ambapo kesho ubao utang'olewa na kutupwa jalalani.

NASAHA

Tunawausia maimamu wayafundishe haya katika darsa na khutba, kwa kuwa watu wetu wanaijua zaidi fiqhi ya udhu kuliko fiqhi ya njia, na zote mbili ni dini. Tunawausia madiwani na maafisa, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, waipime njia kwa futi moja kwa tajiri na kwa fukara, na wampe mwenye ubao taarifa na muda kabla ya kuutia nyundo. Tunawausia wafanyabiashara waombe kibali mapema na waweke stakabadhi zao vizuri, kwani Al-Abbas alirudishiwa mfereji wake kwa sababu alikuwa na hoja ya kuonyesha.

Na tunaianza nasaha hii kwetu sisi wenyewe. Pale ambapo kibao cha msikiti au cha madrasa kimesimama ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali, kamati ya msikiti itangulie kukihamisha au kukiombea ruhusa kabla haijamkataza mwenye duka. Kuwa kibao kinaelekeza kwenye swala hakukipi haki ya kuwaziba wapitao. Umar (R.A.) aliutoa mgongo wake ili haki irudi mahali pake, na sisi tunaombwa kusogeza nguzo mbili tu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoipa njia haki yake, atulinde na kuila mali ya umma na ya mtu mmoja mmoja kwa batili, na awaongoze wanaotusimamia.

Wabillahi Tawfiq.